Aliyeipa Televisheni Mgongo

Alikaa akiipa televisheni mgongo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Dongobesh angekuambia juu yake, na wengi wangeishia hapo hapo, wakicheka. Banda la video lilikuwa lake, televisheni yake, deki yake, umeme alilipia yeye. Lakini filamu ilipoanza aliweka kigoda chake kando ya kioo, akawageukia watazamaji, mkono wa kulia umeshika kamba. Kamba ile ilipanda hadi kwenye waya uliofungwa ukutani, na kwenye waya palining'inia kitenge cha zamani chenye maua ya bluu. Ikifika sehemu asiyoitaka, alivuta. Kitenge kilipita mbele ya kioo, na wanaume waliokaa kwenye mabenchi wakabaki na sauti tu.

Tulimwita Mama Banda. Alikotoka sikujui vizuri na sikuwahi kuuliza, maana alikuwa mtu ambaye ukimuuliza habari za jana anakuuliza wewe umekula nini leo. Mimi nilikuwa mpangaji wake. Nafundisha shule ya msingi, na kwa miaka mingi chumba changu na banda lake viligawana ukuta mmoja. Filamu zake nyingi nazijua kwa masikio: panga zinagongana, farasi wanakimbia, mtafsiri anapiga kelele juu ya kila mtu. Halafu ghafla benchi zima linazomea, na hapo nilijua kamba imevutwa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mbishi. Yeye hakuwa mbishi. Alijibu mara moja akaendelea kuchambua mchele, na mimi nikabaki na hasira zangu. Hata sasa ninapoandika bado nabishana naye, na bado nahisi amenishinda kwa namna ambayo siikubali.

Sheria yake ilikuwa moja. "Kamera ikiacha uso wa mwanamke ikaanza kushuka, nafunga." Basi. Watu waliodhani ni mama mcha Mungu anayechukia mapenzi hawakumwelewa. Busu aliliacha. Mume na mke wakiongea kitandani aliwaacha waongee mpaka wachoke. Siku moja mama mmoja kwenye filamu alitoa ziwa akamnyonyesha mtoto, na mteja aliyetoka mnadani na pombe yake kichwani akapaza sauti, "Mama Banda, funga, kuna watoto humu!" Hakuvuta. Alimwangalia yule bwana akasema, "Mtoto anakula. Wewe una njaa?" Banda lilicheka mpaka nikatoka chumbani kwangu kuona kuna nini.

Nilimuuliza anajuaje wakati wa kuvuta ilhali kioo kiko nyuma yake. Akanishangaa. "Nakijua kwa macho yenu. Kamera ikishuka, na macho yanashuka. Hata kidevu kinashuka, Mwalimu. Nyie mnadhani mmekaa gizani, lakini televisheni inawamulika wote." Kwa hiyo picha zenyewe, zile alizozifunika miaka yote, hakuziona. Alichokuwa anatazama ni sisi.

Na sababu yake alinipa tukiwa tumesimama kwenye foleni ya bucha, siku ya Jumamosi, bila kushusha sauti hata kidogo. "Angalia pale. Mbuzi anayening'inia ana kichwa? Hana. Kichwa wamekiweka chini huko, nyuma ya meza. Ukimwona usoni hutanunua paja." Muuza nyama alisikia, akaacha kukata. Mama Banda akamwambia aendelee, hakuwa na ugomvi naye, yeye anauza mbuzi.

Nilimpenda siku ile. Lakini nilikuwa na maswali, na yalizidi kadiri nilivyozidi kuishi jirani naye.

La kwanza lilikuwa damu. Watu walikatwa vichwa kwenye banda lile kila wiki, damu ikaruka mpaka kwenye lenzi, na kamba haikutikisika. Nilimwambia si haki. Anamficha mwanamke mwenye mguu mzuri, anamwachia mtoto wa darasa la tatu mtu anayechinjwa. Aliwaza kidogo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Yule anakufa akiwa na uso wake," akasema. "Mtoto anamwonea huruma." Nikamwambia wanangu wa darasani hawaoni huruma yoyote, wanacheza kuchinjana wakati wa mapumziko. Akasema huo ni ualimu wangu, sio banda lake.

La pili lilikuwa bango. Nje ya banda, karibu na mlango, alibandika mabango yaliyokuja na filamu kutoka Arusha, na kila siku ya mnada alihakikisha lililokaa mbele ni lenye mwanamke. Mmoja namkumbuka: amelala juu ya gari jekundu, mapaja nje, anatutazama sisi tunaopita na vitunguu saumu vyetu. Wachuuzi wa ng'ombe walisimama pale, wakamtazama, wakaingia. Ndani wakakutana na kitenge cha maua ya bluu.

"Unawaita kwa hiki, halafu unawafungia hiki hiki," nilimwambia. "Huo si udanganyifu?"

"Huyu ana uso. Ananitazama kila asubuhi nikifungua."

"Mama, hakuna anayemtazama uso."

"Najua." Alikuwa anafagia, na hakusimama. "Nikimtoa nitabaki na watu wa mpira peke yao, nao wanakuja mara moja kwa wiki. Mpangaji wangu mwenyewe kodi analipa kwa kusuasua."

Huyo ndiye alikuwa. Alijua alipokuwa anajikanyaga, akajikanyaga mchana kweupe, na hakuomba mtu amsamehe. Mchungaji alikuja kumpongeza, akataka kumtaja katika mahubiri kama mfano kwa akina mama. Shehe naye alituma salamu nzuri. Wote wawili aliwashukuru, akawapa chai, akawakatalia kutajwa. Sikuelewa kwa nini, mpaka aliponiambia kwamba mchungaji aliposimama mlangoni alilitazama bango kwanza, kisha akaanza kuzungumzia maadili. Banda lilifungwa Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, si kwa ucha Mungu. Wateja walikuwa kwenye ibada, alisema, na umeme usingejilipia.

Na alipenda kupendeza. Wale wanaosema alifunika wanawake kwa wivu hawakuwahi kumwona siku ya sikukuu. Alivaa gauni la kubana, bangili mpaka karibu na kiwiko, akapaka manukato yaliyofika chumbani kwangu kabla yake, halafu akaja kugeuka mlangoni.

"Mwalimu, huku nyuma kumekaa vizuri?"

"Kumekaa."

"Sema kweli."

"Kumekaa sana, mama."

"Basi naenda kupita sokoni."

Nikamuuliza kama hiyo sio ile ile anayoifungia kamba. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekosea hesabu ya kujumlisha. "Mimi napita na kichwa changu. Mtu akinitazama vibaya, naye namtazama. Yule wa kwenye video anamtazama nani?" Akaenda zake. Sokoni walimwamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, shikamoo mama, na alirudi amejaa furaha kama aliyeshinda uchaguzi.

Sasa nifike kwa mdogo wangu, maana ndiye anayenifanya nisikae nikatulia.

Kwetu ni Bashay, tunalima vitunguu saumu, na mdogo wangu alikuja kukaa nami Dongobesh kusuka nywele katika saluni ya barabarani. Alikuwa na mchumba, kijana wa Balangdalalu anayetengeneza pikipiki. Wajomba wa kijana walishakuja nyumbani kwetu mara ya kwanza kuzungumza, wazazi walishakubali, ilibaki kupanga siku. Mdogo wangu alimpenda yule kijana. Nalisema wazi kwa sababu baadaye watu walisema eti hakuwa na nia.

Ndipo msanii mmoja wa Katesh akatafuta msichana wa kucheza kwenye video ya wimbo wake. Waliirekodi Balangdalalu, kwenye malisho, Mlima Hanang ukiwa nyuma. Mdogo wangu alivaa kaptula fupi ya jinzi na shanga za kiunoni juu yake, akacheza. Mchumba wake alikuwepo. Yeye ndiye aliyeshika shuka jeupe la kurudisha mwanga usoni mwa mpenzi wake, na aliniambia mwenyewe kwamba mikono ilimuuma kwa kulishika huku akicheka.

Mimi sikuipenda kaptula ile. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mabondia wanavua shati mbele ya nchi nzima na hakuna anayewauliza wamelelewa wapi. "Nacheza vizuri, dada. Nataka watu waone ninavyocheza. Kuna dhambi gani?" Nilitafuta dhambi, na sikuipata mara moja.

Alitaka video ionyeshwe kwanza kwenye banda, siku ya mnada, mbele ya watu. Mama Banda alifurahi kuliko sisi. Alimpenda mdogo wangu, ndiye aliyemsuka bila kumvuta nywele. Alitangaza kwa kipaza sauti tangu asubuhi, akakataa kutoza kiingilio, akavaa bangili zake. Mdogo wangu akakaa benchi la mbele. Banda lilijaa mpaka wengine wakachungulia madirishani, na mimi nikasimama nyuma. Nilijua kitu ambacho hao wawili katika furaha yao hawakukifikiria. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake.

Wimbo ulianza. Mlima ukatokea, mzuri sana, na watu wakapiga kelele za kuutambua. Uso wa mdogo wangu ukaja mkubwa, kelele zikaongezeka, wakamtaja jina. Mama Banda kwenye kigoda chake alitabasamu akitutazama. Halafu kamera ikaanza kushuka. Shingo, kifua, kiuno, shanga, ikakaa hapo kwenye shanga ikizunguka taratibu. Nikaona macho ya wanaume yanashuka. Nikaona Mama Banda ameyaona. Tabasamu lilimtoka, mkono ukasita, nami nikaomba kimoyomoyo, mwache, huyu ni wetu.

Alivuta.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Picha yenyewe ilikuwa ya msichana anacheza kwenye majani. Wangeitazama, wangepiga miluzi, wangeenda kununua mbuzi. Lakini kitenge kilipopita, kila mtu akajaza nyuma yake alichotaka mwenyewe. "Amefanya nini huyo?" alipaza sauti mtu wa dirishani. Mdogo wangu akasimama. "Mama, ni mimi!" Mama Banda hakufungua. Wimbo ulilia mpaka mwisho nyuma ya maua ya bluu, ingawa siku zote sehemu ya kushuka ikiisha alifungua.

Nje, kwenye vumbi la mnada, mdogo wangu alimwambia maneno ambayo sitayasahau. "Nilikuwa nimevaa nguo, mama. Pazia lako ndilo lililonivua."

Mama Banda alisema, "Sheria ni moja. Nisingeweza kukufanyia wewe nyingine."

"Ungeweza."

"Nisingeweza."

Wajomba wa Balangdalalu walikuja kabla ya wiki kuisha, wawili, na kofia zao mkononi. Hawakuiona video. Waliambiwa tu kwamba binti amefunikwa. Niliwaamkia, nikawapa viti, nikatoa simu yangu nikawaomba watazame wenyewe, hakuna kitu humo, ni ngoma tu na mlima wao. Mkubwa wao alirudisha simu yangu kwa upole, kwa mikono miwili. "Mwalimu, yule mama anaonyesha watu wakichinjana na hafungi. Alichokifunga yeye, sisi tutakifunua vipi?" Posa ikafa hapo. Kijana alituma ujumbe mrefu wenye neno samahani mara nyingi. Kama angekuja mwenyewe, na shuka lake jeupe, akawaambia wajomba kwamba alikuwepo! Hakuja.

Nilikwenda kwa Mama Banda nikiwa nimewaka moto. Nilimwambia amemharibia binti wa watu ndoa kwa ajili ya kamba. Alikuwa anachambua mchele. "Kama kitenge kimemfukuza, alikuwa mwepesi," akasema. Niliondoka nikiapa kuhama mwezi ule ule.

Sikuhama, na sababu inanikera mpaka leo. Mtu fulani alikata video. Aliacha ile sehemu ya kushuka tu, kifuani mpaka mapajani, inazunguka na kurudia, haina uso, haina mlima, wala wimbo haina. Ikasambaa kwenye simu. Wale walioona kitenge kikivutwa ndio walioitafuta zaidi. Siku chache baadaye niliingia kukagua vyoo vya shule nikakuta wanafunzi wangu wamechora kwa mkaa mwanamke mwenye shanga. Walikuwa wamemchora vizuri, kwa bidii, kila shanga mahali pake. Hana kichwa. Hakikufutwa; hakikuchorwa kabisa. Nilifuta kwa maji na kitambaa, peke yangu, nikilia kwa hasira, na sikujua hasira ile nimpelekee nani. Msanii? Mama Banda? Mdogo wangu na kaptula yake? Nilipomwambia Mama Banda kuhusu mchoro, nilitegemea aseme "nilikwambia". Hakusema. Aliweka ungo chini.

Kesho yake alibeba kigoda chake mpaka kijiwe cha bodaboda. Akakiweka mbele yao, akakaa akiwatazama kama alivyozoea. Akawaambia kila mwenye ile video aitoe mfukoni. Walicheka, wakamwita bibi, wakamuuliza kama amekuja na pazia. Akamwelekea mmoja ambaye mama yake alikuwa rafiki yake. "Ishike hivyo hivyo, usiizime. Sasa nitajie jina la huyo dada." Kijana akalitaja, chini chini. "Alikusuka nani wakati ulipokuwa na rasta?" Akalitaja tena. "Haya, endelea kutazama." Hakuendelea. Mama Banda alikaa pale mpaka jua la mchana, mmoja mmoja, jina kwanza. Wengine walifuta, wengine walisema wamefuta, wengine waliwasha pikipiki wakaondoka. Nilimwona wakati natoka shule, amekaa peke yake kwenye kijiwe kitupu, na kigoda kimemzamia kwenye vumbi.

Mdogo wangu sikumwambia. Alishahamia Katesh, na alikuwa ameniomba nisimtajie yule mama.

Banda halikudumu. Simu zilifika kwa kila mtu, na mtu mwenye simu haombi ruhusa ya kamba. Siku za mwisho alikaa akiwageukia watazamaji wachache ambao nao waliinamia mapaja yao, kila mmoja na mwanga wake wa bluu usoni. "Wameshusha macho tangu wanaingia," aliniambia. "Sasa mimi nivute nini?" Aliuza televisheni, banda likawa stoo ya vitunguu saumu, na bango la mwanamke wa gari jekundu likabaki ukutani kwa nje mpaka mvua ikamaliza kulibandua. Bango hakulitoa yeye.

Mwaka huu aliugua. Alipelekwa Haydom, na kwa kuwa matibabu yalikuwa ya kwenda na kurudi, ndugu zake walimpangia chumba jirani na hospitali, kwenye nyumba ambamo wagonjwa hukaa wakingoja siku zao za matibabu. Nilimwambia mdogo wangu kwa simu, kama habari tu. Akasema atapanda basi la asubuhi kutoka Katesh, tukutane huko. Ana saluni yake sasa, ana mtoto, na mume, si yule kijana, anayemtania kwa jinsi anavyotembea. Nilimuuliza anakwenda kumwambia nini. "Sijui," akasema. "Nataka anione."

Tulimkuta amelala akitazama mlango. Alikuwa amekwisha mwili, bangili zimetolewa, lakini macho ni yale yale.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Mwalimu, umenenepa." Akamtazama mdogo wangu kwa muda mrefu, usoni, asishuke. "Unayo bado?"

"Nini, mama?"

"Ile ya mlima. Mimi sikuiona."

Nilitaka kusema kitu chochote, kuhusu dawa, kuhusu mvua. Mdogo wangu alikuwa ameshatoa simu. Ilikuwa humo, nzima. Akapiga magoti kando ya kitanda akaishika mbele ya mgonjwa, nami nikachungulia kwa nyuma. Wimbo ukaanza, mlima ukatokea. Uso ukaja. Kamera ikaanza kushuka, na hapo nikaona dole gumba la mdogo wangu linapanda kwenye kioo, lenyewe, linafunika. Miaka yote ile ya hasira, na dole likapanda.

Mama Banda alilishika kwa mkono wake mwembamba akalisogeza. "Toa, mwanangu. Nimeshawaangalia wao vya kutosha."

Akatazama. Kiuno, shanga, taratibu, inazunguka. Uso wake haukuonyesha kitu. Na kisha kamera ikapanda, kama ilivyokuwa imepanda siku ile nyuma ya kitenge, ikarudi juu mpaka kwa mdogo wangu, ambaye alikuwa ameacha kucheza na amepasuka kwa kicheko, kinywa wazi, macho yamefumba, ameharibu ngoma yote.

"Kumbe uso ulirudi," akasema.

"Ulirudi, mama. Ungengoja kidogo tu."

"Unacheka nini hapo?"

"Nilikuwa nimekanyaga mavi ya ng'ombe."

Kicheko kilimtoka kikaumiza mbavu zake, akazishika kwa mikono, akaendelea. Mdogo wangu naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria kama uso kurudi kunatosha. Kama ile safari ya kushuka inasamehewa kwa sababu mwishoni msichana amecheka, na wanafunzi wangu wenye mkaa wangengoja mpaka huko. Nilitaka kumuuliza yeye, ndiye mtu pekee ambaye ningemwamini. Lakini akaingia mpwa wake na beseni la maji ya moto, akasema ni wakati wa kumwogesha.

Chumba hakikuwa na pazia. Mlango haukujifunga vizuri, na ulitazamana na uani ambako watu waliotoka kwenye mabasi walikuwa wamekaa na mizigo yao. Mimi nilishatoka nje nikakaa nao. Mdogo wangu alifungua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akasimama mlangoni, akakinyoosha kwa mikono yote miwili, ukingo chini ya kidevu. Akakipa chumba mgongo. Uso wake ulikuwa juu ya kitenge, wote, na macho yake yalianza kutupitia, mmoja mmoja.

Maji yalimwagika ndani. Kisha sauti ya Mama Banda, imechoka, ikauliza, "Wanatazama?"

"Wanatazama, mama."

"Wanatazama wapi?"

Macho ya mdogo wangu yalinifikia mimi, yakanipita, yakaendelea na waliokaa kwenye benchi.

"Usoni kwangu."

"Wote?"

"Yupo mmoja bado."

"Mngoje," ikasema sauti ya ndani.